Marejeo ni Ngamani

Nyundo ni ndogo, ya kupondea nyama.
Nagonga bamba, nasikiliza.
Ngii, chuma kizima. Ngii. Ngii.
Kisha, chini ya meza ya ramani: du.
Natia alama ya chaki, nasonga mbele kwa magoti.

Nje, Ziwa Dąbie limeganda hadi kwenye matete.
Humu bandani ni nyuzi tatu juu ya sufuri,
hita inakohoa kama abiria wa tramu ya alfajiri
niliowaendesha miaka thelathini na miwili,
nikasimama kila kituo, nikafungua milango,
mwenyewe nisishuke popote.

Halszka aliiunda kaka yangu Lucjan
nyuma ya gereji, kwa mabamba aliyoyatoa kiwandani
kwa njia ambazo mama alitukataza kuuliza.
Mita tisa na nusu, mkuku mrefu, mlingoti wa msonobari.
Kila Krismasi, samaki akiwa mezani, aliapa:
mwaka ujao, Azori.
Na kila mwaka ujao ulikuja na kisa chake:
pasipoti, kisha bei ya dizeli, kisha mgongo,
kisha Teodozja na talaka,
kisha moyo.
Nikarithi ufunguo mmoja na deni la maegesho.

Tangu Oktoba nimeng'oa
nyaya zilizoungwa kwa plasta ya vidonda,
tangi la maji lenye ladha ya sarafu,
choo (tusiseme),
injini iliyowahi kuvuta gari la mikate.
Ukifungua skrubu moja, kumi zinabisha hodi.
Daftari langu lina safu mbili:
"kabla ya maji" na "tukijaliwa".
Kila wiki kitu kinahama kutoka ya kwanza
kwenda ya pili, kimyakimya.

Jumanne nilifika kwenye saruji.
Aliimwaga ngamani, akailainisha
kama mtu anayemtandikia mgeni kitanda.
Nikadhani ni uzito wa kuituliza mashua.
Patasi, nyundo, siku mbili.
Kutu ikatoka tabaka kwa tabaka, kitabu kilicholowa,
na chini ya kutu, mwanga:
tundu la ukubwa wa punje ya mtama,
sakafu ya banda ikinichungulia.

Alijua.

Nilikaa, patasi mapajani.
Si pasipoti. Si mgongo.
Miaka ishirini na minne tulimnunulia ramani za Atlantiki,
akazikunjua, akashukuru, akatuonyesha njia kwa kidole,
na kidole hicho ndicho kilichopiga saruji msasa.
Nikamtukana kwa sauti. Banda likanirudishia matusi yangu.
Kisha nikaliona daftari, limefunguka
penye safu ya pili,
nikanyamaza.

Gerwazy mchomeleaji alikuja na kipima unene.
Moja nukta mbili, akasoma. Moja nukta moja.
Hapa hakuna kitu, mama.
Akakata mraba kama sinia ya chai,
ukaanguka chini bila hata kulia.
"Saruji nani aliimwaga?"
"Mwenyewe," nikajibu,
nikaenda kuchemsha maji.

Mei, kreni. Mikanda ikaguta, watu gatini wakapiga makofi.
Mimi sikuwa juu kupunga mkono.
Nilikuwa chini, tochi mdomoni,
kifudifudi, mkono umezama hadi begani.
Enda tezi, enda omo.
Bamba jipya lilikuwa baridi,
baridi ya ziwa lenyewe, lililo upande wa pili,
milimita tano tu kati yetu.
Nikapapasa mshono wote wa moto wa Gerwazy,
kona, kona, kona, kona.
Vidole vikatoka vikavu,
vumbi la saruji bado kwenye kucha.

Juu, Gerwazy anaita:
inalalia kushoto kidogo!
Safu ya pili, nasema. Andika.